Uchakavu Si Kiungo: Namna ya Kuhakiki Chakula cha Kibandani

Utangulizi

Nikiwa mwaka wa pili, nilimpeleka mwenzangu wa chumba kula rolex kwenye kibanda kimoja nilichokuwa nikikisifu kwa kila mtu. Mwenzangu ametoka Bukavu. Wakati huo alikuwa na miezi michache tu Kampala, nami nilijiona mwenyeji wa kumfundisha mji. Kibanda chenyewe kilikuwa na kila kitu nilichoamini kuwa ni dalili ya chakula cha kweli: mwavuli uliochanika, benchi lenye mguu mmoja mfupi uliotegemezwa kwa tofali, jiko la mkaa lililotengenezwa kwa rimu ya gari, na kijana aliyevunja mayai kwa mkono mmoja bila kuyatazama. "Hapa," nilimwambia, "ndipo wanapokula wenye mji." Tulikula. Usiku ule mwenzangu hakulala, asubuhi alikuwa zahanati, na siku iliyofuata alikosa jaribio la sarufi alilokuwa amelisomea wiki nzima.

Alipopata nafuu hakunilaumu. Alisema tu: "Ndugu yangu, wewe ulihakiki mwavuli. Yai hukulihakiki."

Maneno hayo ndiyo yaliyozaa insha hii. Sisi tunaosoma Kiswahili na fasihi yake tunafundishwa tangu muhula wa kwanza kwamba kuhakiki ni kupima kazi kwa vigezo vinavyoeleweka, na kwamba mhakiki hamsifu mwandishi kwa kumhurumia. Lakini tukitoka darasani tukafika kwenye chakula, hasa chakula cha kando ya barabara, vigezo vyetu tunaviacha langoni. Tunakisifu kibanda kwa sababu ni kidogo, kimechakaa, hakina bango na hakuna mtalii aliyekifikia. Hoja yangu ni kwamba uchakavu si kiungo. Hauongezi ladha, kama ambavyo kitambaa cheupe mezani hakiongezi ladha. Kibanda kinastahili kuhakikiwa kwa ukali uleule tunaoutumia kwa mkahawa mkubwa, ila kwa vigezo vinavyotokana na kazi yake chenyewe. Nitaanzia mbali, nchini Meksiko, ambako swali hili lilijadiliwa hadharani miaka ya karibuni, kisha nitarudi nyumbani, Wandegeya na Kikoni.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu tahajia. Kanuni zinanitaka niyatohoe maneno ya kigeni, na nimejaribu kufanya hivyo. Ila taco nimeiacha na herufi yake c. Msomaji wa Kiswahili anajua mwenyewe ningekuwa nimeandika nini kama ningeitohoa, nami sitaki mwalimu wangu aisome insha nzima akicheka.

Nyota ya mtaa wa San Rafael

Taco ni chakula chepesi kueleza. Ni chapati nyembamba, ambayo kwa kawaida ni ya mahindi, inayoitwa tortilla, iliyokunjwa juu ya nyama au kitoweo kingine pamoja na sosi ya pilipili. Unaishika kwa vidole, unainamisha shingo ili mchuzi usikuchafue, unamaliza kwa matonge matatu au manne.

Wepesi huo unadanganya. Mahindi yenyewe asili yake ni Meksiko, ambako yalianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita. Kwetu yalifika baada ya Wazungu kuvuka bahari ya Atlantiki, na leo ndiyo posho tunayokula bwenini karibu kila siku. Yalifika bila ujuzi wake, hata hivyo. Wenyeji wa Meksiko huyachemsha mahindi katika maji yenye chokaa, huyaacha yalale humo usiku kucha, huyaosha, kisha huyasaga yakiwa bado na maji. Kazi hiyo huondoa ganda, huufanya unga ushikane, na humwezesha mlaji kupata vitamini ambayo vinginevyo hubaki imefungwa ndani ya punje. Mimi niliwahi kujaribu kutengeneza tortilla kwa unga wa posho. Ilipasuka vipande hata kabla sijaigeuza. Kwa hiyo mtu anayesema taco ni chakula rahisi cha barabarani amekiona kitendo cha mwisho tu. Kazi kubwa ilifanyika jana yake, na mara nyingi mbali na macho ya mteja.

Mwezi Mei 2024, mwongozo wa Michelin ulitoa kwa mara ya kwanza orodha yake ya migahawa ya Meksiko. Migahawa 18 ilipewa nyota. Miongoni mwayo ilikuwemo El Califa de León, duka la taco lililofunguliwa mwaka 1968 katika mtaa wa San Rafael, Jiji la Meksiko. Duka hilo ni chumba cha mita kama tatu kwa tatu. Wateja hula wamesimama. Orodha ya vyakula ina taco za aina nne tu, na iliyo maarufu kuliko zote inaitwa gaonera, jina linalotokana na Rodolfo Gaona, aliyekuwa bingwa wa kupigana na mafahali. Ni kipande chembamba cha nyama laini ya ng'ombe, chumvi, ndimu, chuma cha moto mkali, na tortilla inayotengenezwa papo hapo. Basi. Mpishi wake, Arturo Rivera Martínez, alipoletewa koti jeupe la wapishi wenye nyota, hakulivaa. Mbele ya chuma kile joto halina mzaha.

Habari hiyo ilizunguka dunia, na kilichoizungusha ni vile vipimo vya chumba. Kila aliyeisimulia alianza na mita tatu kwa tatu. Mimi pia niliisoma hivyo na nikafurahi, kwa sababu niliiona kama ushahidi wa imani yangu kwamba kidogo ndicho kizuri. Niliirudia baada ya mwenzangu kuugua, na safari hii niliona mambo ambayo furaha ilikuwa imenificha.

La kwanza ni kwamba udogo haumo katika vigezo vya mwongozo ule. Wakaguzi wa Michelin wanasema wanatazama mambo matano: ubora wa viambato, ustadi wa mapishi, ulinganifu wa ladha, nafsi ya mpishi inayoonekana katika chakula chake, na uthabiti wa chakula hicho kutoka siku hadi siku. Chumba kingekuwa cha mita thelathini, nyama ile ingepimwa vilevile.

La pili ni bei. Taco moja pale iliripotiwa kuuzwa kwa karibu dola 5, bei ambayo kwa viwango vya Meksiko si ndogo. Kumbe duka linaweza kuwa dogo bila kuwa duni. Limejibana kwenye aina nne za taco ili liweze kununua nyama nzuri na kuipika vizuri kila mara. Sisi tulioliona kama kibanda cha maskini kilichobahatika tulikuwa tumejisimulia hadithi yetu wenyewe.

La tatu, na kwangu ndilo lenye uzito zaidi, ni kwamba duka lilikuwa limeshakula miaka zaidi ya 50 kabla ya nyota kufika. Watu wa San Rafael walikuwa wakilihakiki kila siku kwa miguu yao: wakirudi, au wasirudi. Nyota haikugundua chochote ambacho mtaa haukukijua.

Kipimo na kinachopimwa

Hapa nauweka pembeni mwongozo wa Michelin, kwa heshima. Ulianzishwa Ufaransa mwaka 1900 na watengenezaji wa matairi ya magari, waliotaka wenye magari wasafiri zaidi. Nyota zilianza mwaka 1926. Hadi leo maana yake ni ya msafiri: nyota moja ni mahali panapostahili kusimama, mbili ni mahali panapostahili kuiacha njia yako, tatu ni mahali panapostahili safari ya makusudi. Ni kipimo kizuri kwa mtu anayepita. Wala Meksiko haikuwa ya kwanza kupimwa hivyo, maana mwaka 2016 vibanda viwili vya chakula nchini Singapore vilishapewa nyota.

Lakini mwanafunzi wa Kikoni hapiti. Anakula palepale kesho, na keshokutwa, kwa pesa ileile aliyotumiwa na mama yake. Anachotaka kujua si kama chakula kinastahili safari. Anataka kujua kama kitamfikisha mwisho wa muhula akiwa na afya na nauli ya kurudi nyumbani. Mhakiki wa kibanda lazima aandike kwa ajili ya mtu huyo.

Wanafunzi wa fasihi tunalijua tatizo hili kwa jina lingine. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wapo waliolipima shairi huru kwa vina na mizani, wakaona halina vyote viwili, wakahukumu kwamba si shairi. Walipima kitu kwa rula iliyotengenezewa kitu kingine. Lakini kosa la upande wa pili lipo pia, nalo halisemwi sana: ni la yule anayesema kwamba kwa kuwa shairi ni huru, basi halipimiki, kila lililoandikwa bila vina ni zuri. Huyo anadhani anamtetea mshairi. Kwa kweli amemnyima haki ya kusomwa kwa makini.

Kwenye chakula makosa hayo mawili yapo waziwazi. Kuna wanaokidharau kibanda kwa sababu hakina meza. Na kuna sisi, tunaokipenda kwa sababu hakina meza. Sote wawili tumetazama meza.

Kuna na neno linalotupotosha sana, nalo ni asili. Tunasema tunatafuta rolex ya asili, kama wageni wa Meksiko wanavyotafuta taco ya asili. Lakini taco inayoitwa al pastor, ambayo nyama yake hukatwa kutoka kwenye mtungo unaozunguka motoni, ina damu ya wahamiaji kutoka Lebanon waliofika Meksiko na ujuzi wao wa kuchoma nyama kwa namna hiyo. Na chapati yetu? Jina na chakula vyote vimetoka Bara Hindi. Huku bara vilipanda pamoja na mafundi na wachuuzi wa Kihindi wa enzi za reli. Kuhusu rolex, husimuliwa kwamba ilizaliwa kwa wauza chapati wa Wandegeya waliokuwa wakiwahudumia wanafunzi wa Makerere, na kwamba jina ni matamshi yetu ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa. Yakageuka jina la saa ya bei ghali, na mzaha ukabaki. Ni chakula cha mseto tangu kuzaliwa kwake, kama Kiswahili chenyewe. Asili haiwezi kuwa kigezo chake. Tutafute vigezo katika kazi inayofanyika pale jikoni.

Vigezo vinne

Baada ya ugonjwa wa mwenzangu nilianza kula kwa kutazama. Kwa muhula mzima nilizunguka vibanda vya Wandegeya na Kikoni, nikirudi kwenye kila kimoja asubuhi, usiku, na siku ya mvua. Nilipata vigezo vinne ambavyo naamini vinafaa kwa rolex, na ambavyo kwa mabadiliko madogo vingefaa hata kwa taco.

Kigezo cha kwanza ni chapati: ni ya saa ngapi? Katika taco, tortilla ndiyo msingi, na katika rolex ni chapati. Chapati nzuri ina tabaka, ina madoadoa ya kahawia yasiyo meusi, na ukiikunja haipasuki ukingoni. Tazama beseni. Mpishi anayekanda kidogokidogo ana madonge machache yaliyofunikwa, na anasukuma kulingana na foleni. Mwenye mnara wa chapati ishirini chini ya kitambaa alizipika alfajiri, na wewe wa saa mbili usiku utapashiwa moto. Chapati iliyopashwa hulainika katikati na kukauka pembeni. Yai huificha kwa matonge mawili ya kwanza, halafu siri hufichuka.

Kigezo cha pili ni yai na mboga. Yai livunjwe mbele yako na lipigwe mpaka lifanye povu. Yai lililokorogwa mara mbili tatu tu hukupa mahali peupe na mahali pa njano, na chumvi yote upande mmoja. Mboga ndiyo penye hatari. Nyanya na kitunguu vikikatwa muda huohuo havina neno. Kabichi iliyokatwa asubuhi ikaachwa wazi hadi usiku hutoa maji na kuchachuka, na kabla ya harufu kuwepo, nzi wameshafika. Tazama pia mkono. Mkono unaopokea noti ndio unaochota kabichi?

Kigezo cha tatu ni moto na mafuta. Mkaa hauna kitufe cha kupunguza. Mpishi hodari hulipunguza jiko kwa majivu au kwa kukisogeza kikaango, na hujua wakati wa kusubiri. Kikaango chenye moto mwingi hulikausha yai nje na kuliacha na majimaji ndani. Mafuta nayo yawe ya kutosha chapati isishike, yasizidi mpaka karatasi ya kufungia igeuke kioo.

Kigezo cha nne ni uthabiti. Mhakiki aliyekula mara moja amesoma jalada. Hapa wenyeji ni mashahidi wazuri, lakini wasikilizwe kwa akili. Madereva wa boda boda, kwa mfano, wanazunguka mji mzima na wanaweza kula popote. Wakirudi mahali pamoja usiku baada ya usiku, pana sababu. Ila sababu yaweza kuwa bei, au kwamba muuzaji huwakopesha. Foleni inakuambia uchunguze. Haikuambii umalize uchunguzi.

Vibanda viwili

Nivitumie vigezo hivi kwa vibanda viwili, bila kuvitaja majina wala kusema vilipo hasa.

Cha kwanza ni kile cha mwavuli uliochanika. Kwa kigezo cha moto sijaona wa kumshinda yule kijana. Yai lake linaiva sawa kote, na chapati inashikana nalo kama ukurasa na gamu. Chapati zake ni za muda huohuo. Hapo nilipomsifu sikukosea. Lakini kwa kigezo cha pili anaanguka vibaya: kabichi yake ilikuwa ikikatwa asubuhi na kukaa kwenye beseni wazi mpaka saa nne usiku, na mkono ni mmoja, wa pesa na wa mboga. Nilikuwa nimepita mbele ya beseni lile mara hamsini bila kuliona. Nilikuwa nikitazama mwavuli.

Cha pili ni cha mama mmoja, hatua chache kutoka kwenye hosteli yetu. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimekipita bila kusimama, na sababu yangu naiandika kwa aibu: kilikuwa kisafi mno. Kina sanduku la kioo, meza iliyopakwa rangi, mwavuli mpya, na ndoo yenye bomba la kunawia. Nilikiona kama duka la kuwavutia wageni. Niliposimama hatimaye, nilikuta mama huyu anakanda madonge manane tu kwa wakati mmoja, anakata kabichi kiganja kimoja kwa kila wateja watatu au wanne, na binti yake ndiye anayepokea pesa. Chapati yake ina tabaka unazoweza kuzihesabu. Ana kasoro: yai lake huliacha motoni kitambo kidogo zaidi ya linavyotaka, chumvi inazidi, anafunga mapema, na anauza shilingi 500 zaidi ya kijana. Kwa vigezo vyote vinne, hata hivyo, ndiye bora. Kilichonizuia kumjua ni kwamba hakufanana na picha yangu ya umaskini mtamu.

Pingamizi

Wenzangu niliowasomea rasimu ya insha hii walinipinga, na pingamizi lao si jepesi. Walisema: mtu huyu anaishi kwa kuuza chapati. Hana leseni ya kudumu, leo yupo na kesho anaweza kufukuzwa kando ya barabara. Wewe ni nani wa kumtolea hukumu kwa kabichi? Hukumu ya mkahawa mkubwa haimfungii mtu mlango, lakini neno lako hosteli nzima likilisikia, kijana yule halali na njaa peke yake. Ana ndugu zake nyuma.

Pingamizi hilo ndilo lililonipeleka kwake. Ilinichukua wiki tatu kupata ujasiri. Nilikwenda saa nne asubuhi, wakati ambao hakuna foleni. Kwa Kiganda, nilimwambia kwamba rafiki yangu aliugua, kwamba siwezi kuthibitisha ni chakula chake, lakini kwamba nimetazama beseni la kabichi na mkono wa pesa. Nilitarajia anifukuze. Aliigeuza chapati iliyokuwa motoni, akaiweka pembeni, ndipo akanijibu. Maji, alisema, huyanunua kwa jerikani, na jerikani moja ya lita 20 ndiyo ya unga, ya mikono, ya vikombe na ya kila kitu kwa siku nzima. Kabichi huikata asubuhi kwa sababu jioni foleni haimpi nafasi ya kushika kisu. Kisha akasema jambo ambalo nimelifikiria mara nyingi tangu siku ile: "Nyinyi wanafunzi mnanipiga picha. Mnaniambia mimi ni namba moja Kampala. Mwaka wa nne huu. Hakuna aliyewahi kuniambia habari ya kabichi."

Jibu langu kwa wenzangu, basi, ni hili. Sifa zetu zote za miaka minne hazikumpa kijana yule kitu alichoweza kukitumia. Tulimpenda kama mandhari. Uhakiki wa haki ulikuwa umfikie yeye kwanza, kabla ya kufika hosteli, kama vile uhakiki mzuri wa kitabu unavyoweza kumfaa mwandishi anapokaa kuandika kitabu kinachofuata.

Lakini pingamizi lao limenifundisha nami. Usafi una bei. Jerikani ya pili ina bei, mtu wa kupokea pesa ana bei, na zile shilingi 500 za mama hazikuwa za mwavuli mpya. Mhakiki anayedai kabichi ya muda huohuo, na wakati huohuo akidai rolex iwe ya bei ya chini kuliko zote mtaani, anamdai muuzaji afanye muujiza. Nilikuwa mtu wa namna hiyo. Nilijivunia kujua mahali pa bei rahisi, na sikujiuliza ni kitu gani kilichopunguzwa ili bei iwe rahisi. Wateja wa San Rafael wanalipa bei ya nyama nzuri kwa kuwa wanajua wanacholipia. Sisi tunataka nyota kwa bei ya kikomando.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kutafuta chakula kizuri katika vibanda vya mtaani ni kazi ya uhakiki kama nyingine, na kwamba inaharibika pale tunapopima umbo la kibanda badala ya chakula. Nimetumia mfano wa duka la taco lililopata nyota mwaka 2024 kuonyesha kwamba hata pale dunia iliposhangilia udogo, waliokuwa wakila walikuwa wakipima nyama, tortilla na uthabiti. Nimependekeza vigezo vinne kwa rolex. Wenzangu wa Bujumbura na Kigali wanaweza kuvijaribu kwenye mishikaki yao, wabadilishe panapohitaji kubadilishwa, na waniambie nilipokosea.

Kijana wa mwavuli sasa anakata kabichi mara mbili kwa siku na kuifunika, na jioni mdogo wake hupokea pesa. Bado anafungia rolex kwenye gazeti, wino na yote, na hilo tumeanza kulizungumza. Amepandisha bei kwa shilingi 300, na baadhi ya wenzangu wamehama. Mimi sijahama. Mwenzangu wa Bukavu, kwa upande wake, hajarudi kule na sidhani kama atarudi. Yeye amekuwa mteja wa mama.

Wiki iliyopita tulikwenda wote wawili kwa mama. Nikapata ujasiri wa kumwambia, kwa adabu, kwamba rolex zake ni nzuri ila chumvi inazidi. Alichovya ncha ya kidole kwenye yai lililobaki kikombeni, akaonja, akafikiri kidogo. "Kweli, mwanangu," alisema. Kisha akamwelekea mwenzangu: "Lakini huyu ndugu yako kila siku ananiambia niongeze."